Vitenge vya Bujumbura vimezuiliwa Kibirizi: si tuliambiwa Afrika Mashariki hakuna ushuru?

Mama wa Kibirizi aliandika:

Habari za jioni wadau. Mniwie radhi kwa maelezo marefu, ila nimekaa na hili jambo siku tatu na usingizi sina.

Mimi ni mfanyabiashara mdogo hapa Kigoma. Kazi yangu ni kwenda na kurudi. Naenda na chumvi ya Uvinza, narudi na vitenge. Chumvi nainunua kwa mifuko, inashushwa mwaloni Kibirizi, napanga nafasi kwenye boti na wenzangu wawili, tunavuka. Kule Buja (Bujumbura) chumvi yetu inapendwa, haikai siku mbili. Hela nikishaipata naingia madukani, nachagua vitenge, nafunga marobota, narudi. Nimefanya hivi mwaka wa nne sasa, lakini zamani nilikuwa nabeba pisi ishirini, thelathini, nazitia kwenye begi na nguo zangu. Hakuna aliyewahi kuniuliza kitu.

Safari hii nimejitutumua. Zamu yangu ya mchezo wetu wa kuchangiana hela ilinifikia, nikaongeza na cha mfukoni, nikachukua pisi 200 za yadi sita sita. Kwa hela yetu zimenigharimu shilingi 2,400,000, na nauli ya mzigo pamoja na makuli laki moja. Jumla 2,500,000. Fakitire ninayo (ndivyo wanavyoita risiti wenzetu wa Buja), ina muhuri wa duka, imeandikwa kwa faranga.

Kabla ya safari kuna kijana mmoja wa pale mwaloni, anajifanya mjuzi wa mambo ya forodha, aliniambia: "Mama, mzigo chini ya dola 2,000 kutoka Burundi haulipi kitu, unajaziwa kile cheti kifupi tu unapita." Nikampa elfu hamsini ya kunishughulikia. Nimefika, kijana simu haipokelewi. Ofisa kafungua robota, kashika kitambaa, kasoma maandishi ya ukingoni, akaniambia kwa upole kabisa, "Mama, hivi havikutengenezwa Burundi." Basi. Mzigo ukaingia ghala. Jana nimepewa makadirio: milioni 2 na laki 3 na ushee. Nusura nicheke. Mzigo wa milioni mbili na nusu ushuru wake milioni mbili na laki tatu?

Naomba kuelimishwa, bila kejeli tafadhali. Burundi si nchi ya Jumuiya ya Afrika Mashariki? Chumvi yangu mbona kule sikutozwa ushuru? Na hiyo milioni mbili na laki tatu imetoka wapi? Mume wangu anasema niviache vipigwe mnada. Mimi nawaza hela ya mchezo, maana mwezi ujao zamu ni ya jirani yangu na yule mama hajui utani.

Kijana wa Gungu alijibu:

Pole sana mama. Mimi nakushauri kitu kimoja, safari ijayo gawa mzigo. Watu watano, kila mtu begi lake, kila mtu aseme vya kwake. Si kuna msamaha wa ushuru kwa abiria? Watano ni misamaha mitano. Unapita kweupe. Na boti za usiku zipo.

Wakala Mstaafu alijibu:

Mama wa Kibirizi, salamu. Nimefanya uwakala wa forodha hapa Kigoma tangu reli ikiwa ndiyo kila kitu, nimestaafu, sasa nalima michikichi Mwandiga. Swali lako nimelisikia pale mwaloni mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, na anayeuliza huwa ni mtu mwaminifu aliyeambiwa nusu ya habari. Nianze na huyu kijana wa Gungu kabla hajapoteza watu.

Mwanangu, msamaha wa abiria upo kweli katika Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004. Ila ni wa vitu vya abiria mwenyewe, vya matumizi yake, tena aliyekaa nje zaidi ya saa 24. Pisi arobaini za kitenge zenye maua yanayofanana ni za matumizi ya nani? Na hizo boti za usiku: mzigo wa magendo ukikamatwa unataifishwa, na chombo kilichoubeba nacho kinaweza kwenda. Muulize mwenye boti kama yuko tayari kuipoteza boti na injini kwa ajili ya marobota ya mtu.

Sasa mama. Itifaki ya Umoja wa Forodha wa Jumuiya ilisainiwa Arusha tarehe 2 Machi 2004, ikaanza kazi 1 Januari 2005 kwa Tanzania, Kenya na Uganda. Burundi na Rwanda zikaingia kwenye umoja huo Julai 2009. Hapo uko sahihi, Burundi ni ndani. Lakini kinachosamehewa ushuru ni bidhaa *iliyozaliwa* ndani ya Jumuiya. Kununuliwa ndani hakutoshi. Chumvi yako imechimbwa Uvinza, haina baba mwingine. Ndiyo maana kule ilipita bila ushuru wa forodha kwa cheti. Vitenge vyako vimefumwa na kupigwa chapa nje, pengine China au India, vikashushwa Bujumbura kama mgeni anayepita. Kukaa dukani Buja miezi sita hakumfanyi mgeni kuwa Mrundi. Ofisa aliposoma ukingo wa kitambaa alikuwa anatafuta hicho tu.

Kile cheti kifupi alichokuambia kijana wa mwaloni nacho kipo, ni Cheti Rahisi cha Uasili. Ni kwa mzigo usiozidi dola 2,000 na hutolewa na forodha palepale mpakani au bandarini. Ila kinaandikwa kwa bidhaa za asili ya Jumuiya peke yake. Mzigo ukizidi hapo unahitaji cheti kamili cha uasili; kwa sisi tunaopeleka nje watu wengi hupitia TCCIA, ile chemba ya wafanyabiashara, viwanda na kilimo. Kwa hiyo dola 2,000 inakuambia ujaze karatasi ipi. Haikuambii kwamba mzigo ni bure. Elfu hamsini yako imekwenda kwenye sentensi ambayo nusu yake ilikuwa kweli, na hiyo ndiyo mbaya zaidi.

Nije kwenye hesabu. Bidhaa ya nje ya Jumuiya inapigwa ushuru wa pamoja. Mashine na malighafi nyingi asilimia 0, bidhaa zilizosindikwa nusu asilimia 10, bidhaa za mwisho asilimia 25, na tangu 1 Julai 2022 kuna daraja la nne la asilimia 35. Juu ya hapo kuna orodha ya bidhaa nyeti, zile ambazo nchi zetu zinalinda viwanda na wakulima wao: mchele, sukari, mahindi, na kwa bahati yako mbaya khanga, kikoi na kitenge. Kwenye orodha hiyo kitenge kimewekwa asilimia 50. Wenye viwanda vya nguo walilipigania hilo tangu mwanzo na sisemi walikosea, ila mnaolipa ni nyie wa marobota mawili matatu.

Sasa chukua mzigo wako kwa bei yako, 2,500,000 pamoja na nauli:

Ushuru wa forodha nusu yake, 1,250,000.
VAT (kodi ya ongezeko la thamani) asilimia 18, lakini haihesabiwi kwenye 2,500,000. Inahesabiwa kwenye 3,750,000, yaani mzigo na ushuru wake. Hiyo ni 675,000.
Jumla 1,925,000, kabla ya tozo ndogondogo.

Unaona? Kodi inapandia juu ya kodi. Katika kila shilingi 100 ya mzigo, 77 zimekwenda. Wewe umeambiwa milioni 2.3. Mimi nikirudi nyuma naona wametumia thamani ya 3,000,000: ushuru 1,500,000, VAT 810,000, jumla 2,310,000. Swali langu kwako kabla sijaendelea: zile faranga ulizipata wapi, benki au kwa vijana wa barabarani?

Mama wa Kibirizi alijibu:

Shikamoo mzee. Asante, hata mume wangu nimemsomea kwa sauti.

Faranga… kwa vijana wa barabarani. Nani anakwenda benki? Benki unapata faranga chache kwa shilingi ileile.

Wakala Mstaafu alijibu:

Marahaba mama. Basi hapo ndipo 500,000 yako ilipojificha. Fakitire yako ni ya faranga. Forodha wakiibadili kuwa shilingi hawatumii bei ya barabarani, wanatumia kiwango rasmi cha benki kuu. Faranga ya Burundi kwa miaka hii ina bei mbili, ya rasmi na ya mtaani, na zinaachana. Wewe ulizipata kwa bei nafuu, kwenye karatasi zimekuwa ghali. Kwako mzigo ni 2,400,000, kwao ni 2,900,000, weka nauli yako laki moja, unafika 3,000,000. Hakuna aliyekuonea. Na hili usilikatie rufaa, utachosha miguu.

Lakini kuna kitu kingine ningekwenda kukitazama kwa macho yangu. Je, vitenge vyote ni pamba?

Mama wa Kibirizi alijibu:

Siyo vyote mzee. Kuna pisi kama 60 ni vile vya kung'aa, vyepesi, vinateleza. Wadada wa harusi wanavipenda. Muuzaji alisema ni polista.

Fundi Cherehani wa Mwanga alijibu:

Choma uzi mmoja mama. Pamba inanuka karatasi iliyoungua na majivu yake yanapukutika. Polista inajikunja, inayeyuka, inabaki kidonge kigumu cheusi. Usichome robota zima tu.

Wakala Mstaafu alijibu:

Fundi kasema vizuri. Kwenye kitabu cha ushuru wa forodha kitambaa cha pamba kinakaa sura ya 52. Polista tupu ya nyuzi ndefu inakaa sura ya 54. Orodha nyeti inataja vitenge vya pamba na vya mchanganyiko wa polista na pamba, kwa misimbo yake, yaani namba za bidhaa katika kitabu hicho. Polista tupu ni kifungu kingine na hesabu nyingine. Kama pisi 200 zote zimeingizwa kwenye msimbo mmoja kwa sababu robota lililofunguliwa lilikuwa la pamba, basi hapo una hoja halali.

Fanya hivi. Andika barua, ukurasa mmoja tu, uombe mzigo ukaguliwe upya na pisi 60 zitenganishwe. Ambatisha fakitire na kipande cha kitambaa. Kisheria una siku 30 tangu siku ya uamuzi kuomba mapitio kwa Kamishna, kifungu cha 229 cha ile sheria ya forodha ya 2004. Naye ana siku 30 za kukujibu, na asipojibu ombi lako linahesabika limekubaliwa. Akikataa, una siku 45 za kwenda kwenye bodi ya rufani za kodi. Ila wewe usifike huko, ofisi ya hapa hapa inaweza kurekebisha msimbo ukiwaonyesha kitambaa. Nenda asubuhi, nenda na adabu, nenda na uzi uliochomwa.

Na usichelewe. Mzigo ulioingia ghala la forodha ukipitisha siku 30 bila kutolewa wanaweza kutangaza, na tangazo likiisha muda wake unakwenda mnada kweli kama alivyosema baba watoto. Gharama ya ghala nayo haisubiri.

Asali ya Tabora alijibu:

Samahani mama wa Kibirizi nadandia uzi wako. Mzee, niko Tabora, tuna kikundi cha wafuga nyuki. Tumeagiza mashine ya kukamulia asali kutoka China, lile pipa la chuma lenye mkono wa kuzungusha. Wakala wa Dar anatuambia tulipe asilimia 25 kwa sababu "ni chombo cha chuma". Ni sawa?

Wakala Mstaafu alijibu:

Hapana, na wewe umeuliza kabla ya kulipa, hongera. Kichwa cha 8436 katika vitabu vya forodha kinataja mashine za kilimo, za ufugaji kuku, na kwa jina kabisa za ufugaji nyuki. Zipo kwenye asilimia 0 ya ushuru wa forodha, ila msimbo kamili wa mashine yenu mthibitishe forodha kabla ya kulipa. Wakala wako ameangalia umbo, akaona pipa, akaliweka na masufuria. Mtumie picha ya ndani, zile fremu za kushikia masega zinaonekana, na karatasi ya mtengenezaji iseme wazi ni mashine ya kukamua asali. Habari ya VAT muulize tofauti, msamaha wa ushuru wa forodha hauji na msamaha wa VAT. Na karatasi zote mtunze miaka mitano. Wakija kukagua vitabu mwaka wa tatu, pipa lenu litakuwa na kutu na wakala wenu atakuwa amebadili namba.

Kijana wa Gungu alijibu:

Mzee nimekuelewa, nafuta kauli. Ila swali la kweli: Congo nayo si imeingia Jumuiya 2022? Sisi wa dagaa na wa sabuni tunaopeleka Kalemie na Uvira mbona tunalipa kila hatua?

Wakala Mstaafu alijibu:

Imeingia, ilisaini Aprili 2022 na Julai ikawa mwanachama kamili. Lakini itazame Burundi: ilijiunga na Jumuiya Julai 2007, umoja wa forodha ikauanza Julai 2009. Kuingia kwenye nyumba ni siku moja, kupanga vyombo ni miaka. Kabla ya kupakia, mwambie mnunuzi wako wa Kalemie aende forodha ya kwao aulize kama cheti cha Jumuiya kitaheshimiwa kwa bidhaa hiyo hiyo. Usiulize baada ya boti kufunga kamba.

Sabuni yako kama inapikwa hapa kwa mawese yetu, ni ya asili yetu. Kama unaleta mche wa nje unaukata na kuuweka kwenye karatasi yenye picha ya ziwa, hiyo siyo. Kufungasha peke yake hakuleti uasili. Dagaa wana karatasi zao za idara ya uvuvi ambazo forodha hawawezi kukusamehe.

Mama wa Kibirizi aliandika (siku tisa baadaye):

Wadau, nimerudi na majibu.

Nilikwenda na barua na nyuzi mbili kwenye kiberiti, moja imekuwa majivu, nyingine kidonge. Ofisa alicheka, akaita mwenzake, wakafungua marobota yote. Pisi za polista zilikuwa 64, mimi mwenyewe nilihesabu vibaya. Zikawekwa msimbo wake. Faranga wakakataa, kama mzee alivyosema. Makadirio yakashuka, siyo sana, kama laki mbili na kidogo. Hizo laki mbili ni kodi ya chumba changu miezi minne kwa hiyo msiseme ni ndogo.

Nimelipa. Nilikopa kwa dada yangu wa Ujiji, na mama jirani wa mchezo amekubali kusogeza zamu wiki mbili baada ya kuchagua pisi tatu bure, tena zile nzuri. Vilivyobaki nauza kwa bei ya kurudisha mtaji tu. Wateja wangu wa Mwanga wananiambia, "Mama, mbona safari hii ghali?" Nawaonyesha risiti ya serikali, wanaitazama, wanasema sawa, kisha wanakwenda duka la pili ambako kitenge hichohicho kinauzwa chini ya mtaji wangu na ushuru wake. Kilipitia wapi sijui, na siulizi.

Yule kijana wa mwaloni nimemwona. Amenirudishia elfu ishirini na ahadi.

Sasa mzee, nauliza mapema kama mwenzangu wa Tabora. Chumvi nitaendelea kupeleka, hiyo sina ugomvi nayo. Wakati wa kurudi nataka nibadili mzigo. Rumonge kuna mawese, na kuna mama pale ana mashine yake ya kukamua, chikichi ni za shamba lake. Madumu 40 ya lita 20. Nikija nayo?

Wakala Mstaafu alijibu:

Hayo yamezaliwa Burundi bila ubishi. Piga hesabu thamani yake kwa kiwango rasmi siyo cha barabarani, uone kama iko chini ya dola 2,000. Ikiwa chini, cheti rahisi kinakutosha na ushuru wa forodha ni sifuri. VAT ipo palepale, na kwa kuwa ni chakula watu wa viwango watataka kuyaona, pita kwao kabla ya safari siyo baada. Mama wa Rumonge akuandikie fakitire yenye jina lake, idadi ya madumu na neno kwamba ni zao la shamba lake.

Ila mama, mimi nina michikichi Mwandiga. Bei yangu hujaiuliza.

Mama wa Kibirizi alijibu:

Mzee nawe! Dumu unatoa shilingi ngapi?